Klaki na miguu ya watu: mwongozo kamili wa kuzuia ajali za foklifti kiwandani, na la kufanya mtu akiumia

Ilikuwa mwezi wa nane, saa tano asubuhi, jua la kiangazi limewaka uani hadi saruji inang'aa. Siku hizo nilikuwa klakisti, yaani dereva wa klaki (foklifti), katika kiwanda kimoja cha unga hapa Lubumbashi, Kongo, upande wa Kampemba. Mwenzangu aliingia depo na paleti (jukwaa la mbao) ya mifuko 40 ya kilo 25, tani nzima mbele yake. Alipovuka mlango akakata kona kushoto. Mkia wa klaki ukafagia kulia, na kulia palikuwa na kijana wa kibarua amechuchumaa, anazoa unga wa mfuko uliopasuka. Gurudumu la nyuma likapanda juu ya mguu wake. Alikuwa amevaa malapa. Sikusikia kilio, nilisikia ufagio wake ukianguka.

Kabla ya saa sita kiwanda kizima kilikuwa na neno moja: klakisti hakuangalia. Ni kweli, hakuangalia. Lakini hakuna aliyeuliza kwa nini watu na mashine walipita mlango mmoja, kwa nini taa ya juu ya mlango ilikuwa imekufa tangu Pasaka, na kwa nini kijana aliyeingia kazini siku ile ile alipewa ufagio bila kupewa viatu. Leo kazi yangu ni usalama. Nimekwishachunguza ajali nyingi za klaki, loda (mashine ya kuchota) na transpaleti (kitoroli cha kusukuma paleti), na karibu kila mara nimekuta kwamba ajali ilikuwa imeshapangwa wiki kadhaa kabla ya mtu kuumia, na waliosimama mbali na usukani.

Nimeandika kwa ajili ya kapita (msimamizi) wa depo, klakisti, mjumbe wa sendika (chama cha wafanyakazi), na pia kwa ajili ya mama anayepigiwa simu kwamba baba ameumia kazini na hajui aanzie wapi.

Hatua ya 1: Ijue mashine kabla ya kuilaumu

Klaki inayobeba tani 2.5 yenyewe ina uzito wa karibu tani 3.5 hadi 4, yaani karibu mara tatu ya gari dogo la teksi. Uzito huo mwingi umewekwa nyuma kwa makusudi, ili usawazishe mzigo wa mbele. Magurudumu ya mbele ni kama katikati ya mzani: mzigo upande huu, chuma cha nyuma upande ule.

Kwa hiyo swali si kilo tu, ni umbali pia. Kibati cha mashine, kile kinachoonyesha uwezo wake, kikisema kilo 2,500 kwa milimita 500, maana yake kitovu cha mzigo kiwe nusu mita kutoka kwenye kisigino cha uma, yaani pale vile vyuma viwili vya kubebea mzigo vinapopinda kwenda juu. Ukibeba mzigo mrefu ambao kitovu chake kiko milimita 700, uwezo wa mashine ile ile unashuka hadi karibu kilo 2,000. Nusu tani imepotea na hakuna aliyeiona ikiondoka. Mzigo ukiinuliwa juu uwezo unapungua tena. Klakisti asiyeweza kukisoma kibati chake anabeba kwa kubahatisha.

Jambo la pili: klaki hukata kona kwa magurudumu ya nyuma. Dereva aliyezoea gari huangalia mbele, na mbele kunapita salama, huku mkia unatoka nje kwa ghafla upande wa pili. Ndivyo mguu wa yule kijana ulivyokwenda. Mtu anayetembea kando ya klaki akidhani yuko salama kwa sababu yuko "pembeni", yuko mahali pabaya kuliko pote.

Jambo la tatu ni mwendo. Kilomita 10 kwa saa inaonekana kama mwendo wa bibi kizee, lakini ni karibu mita 3 kwa sekunde. Dereva anahitaji kama sekunde moja kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki. Hizo mita 3 zimekwisha, na breki haijaanza kazi.

Hatua ya 2: Chukua chaki utembee

Hatua hii ndiyo inayookoa watu wengi zaidi, na gharama yake ni boksi la chaki. Nenda depo saa ambayo kazi imepamba moto, si Jumapili. Simama mahali pamoja nusu saa. Kila mtu anapokata njia ya klaki, weka alama chini. Usimkemee mtu, usimwambie apite kwingine. Unataka kuona wanavyopita kweli.

Mwisho wa nusu saa alama zitakuonyesha kitu ambacho hakipo kwenye mchoro wa mhandisi. Watu hawapiti njia iliyopakwa rangi. Wanapita njia fupi. Wanakata kwenda chooni, kwenye bomba la maji, mahali mama anapouzia maandazi saa nne, kwenye dirisha la malipo. Nilipata kuona kiwanda chenye mistari mizuri ya njano ambayo hakuna aliyeifuata, kwa sababu bomba la maji ya kunywa lilikuwa ng'ambo ya njia ya mashine. Tulihamisha bomba, basi. Mbiu na mabango ya miezi sita yalikuwa hayakufanya kitu.

Ukishaziona njia zao, fuata mpangilio huu, na usiruke kwenda wa mwisho kwa sababu ni rahisi:

Kwanza, ondoa sababu ya kukutana. Hamisha bomba, hamisha meza ya karani, panga saa za kufagia ziwe tofauti na saa za kupakia.

Pili, tenganisha kwa kitu kigumu. Mlango mmoja wa watu na mwingine wa mashine. Kama fedha hazipo, mabomba ya chuma yaliyosimikwa kwenye saruji yanatosha. Ya zamani yako tele kwa wauza vyuma wa mji huu. Rangi ya chini haizuii tani nne.

Tatu, pale wasipoweza kutengana, wape kuonana: kioo cha kona, taa, honi mlangoni.

Nne, ndipo sasa uwavishe watu fulana za kung'aa na viatu vya ncha ya chuma. Viatu ni lazima, lakini tuseme wazi: ncha ya chuma imetengenezwa kwa mfuko au pipa linaloanguka, haikutengenezwa kwa gurudumu la klaki iliyobeba tani.

Kuna mambo mawili ya mji wetu ambayo vitabu vya Ulaya havitayataja. La kwanza ni mwanga. Mwezi wa nane na wa tisa, dereva anayetoka kwenye jua la uani na kuingia depo giza huwa kipofu kwa sekunde kadhaa. Macho yanahitaji muda. Weka kituo cha lazima mlangoni: simama, piga honi, hesabu hadi tatu, ingia. Usiku umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika, amri iwe moja tu na isiyojadiliwa: klaki zote zinasimama palepale, uma chini, mpaka jenereta iwake. La pili ni mvua. Kuanzia Novemba tope jekundu huingia na magurudumu na kulala juu ya saruji laini kama sabuni. Weka mtu wa kufagia mlangoni kila mvua inapokatika, na asifagie mashine ikiwa inapita.

Hatua ya 3: Amua ni nani anashika usukani

Mwenye leseni ya gari si klakisti. Viwanda vingi hapa huomba cheti cha Kifaransa kiitwacho CACES. Kwa klaki za kawaida ni kundi R489, na muda wake ni miaka 5. Marekani nako sheria inataka dereva apimwe upya angalau kila miaka 3. Cheti ni kizuri, lakini mimi humtaka pia kila klakisti mpya aendeshe mbele yangu ndani ya depo letu, kwenye kona zetu, kabla ya kumwachia funguo. Orodha ya wanaoruhusiwa ibandikwe ukutani, na jina lisipokuwepo, hata shefu hapandi.

Funguo zisiachwe kwenye mashine. Vijana hujifunza klaki wakati wa chakula, na wengi hujifunza kwa kumgonga mwenzao.

Hatua ya 4: Dakika kumi za asubuhi

Zunguka mashine nzima kabla ya kuiwasha. Tazama tairi, minyororo ya mlingoti (nguzo ya mbele inayopandisha uma), mipira ya haidroli, na sakafu chini yake kama kuna mafuta. Kagua kisigino cha uma, maana ufa huanzia hapo. Kisha kaa, funga mkanda, jaribu breki, honi, taa na usukani. Inua uma mtupu hadi juu, ushushe.

Andika kwenye daftari na utie sahihi. Ukikuta kasoro ya breki, usukani, mlingoti au honi, mashine haitoki. Toa ufunguo na umpe kapita mkononi. Najua kinachofuata: lori linangoja kwenda Likasi, bosi anapiga simu, na wewe unaambiwa "fanya fanya tu mpaka jioni". Daftari ndilo ngao yako. Andika saa, andika kasoro, andika jina la aliyekuamuru kuendelea. Nimeona maagizo mengi yakiyeyuka mara tu kalamu ilipotolewa mfukoni.

Klaki ya betri ichajiwe mahali penye hewa na pasipo moto wala sigara, kwa sababu betri inapochaji hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Ya dizeli isiachwe ikinguruma ndani ya depo lililofungwa. Moshi wake unaua bila fujo.

Hatua ya 5: Kuendesha

Uma uwe sentimita 15 hadi 20 kutoka chini, mlingoti umelala nyuma kidogo. Ukitembea mzigo ukiwa juu, ni kama umesimamisha fagio kwa ncha: huyumba na kuanguka.

Mzigo ukikuzuia kuona mbele, endesha kinyumenyume ukiangalia unakokwenda, au uwe na mtu wa kukuongoza ambaye unamwona muda wote. Akipotea machoni, simama. Kwenye mteremko, mzigo ukae upande wa juu wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Ukiwa mtupu, uma uelekee upande wa chini wa mteremko. Usigeuze mashine katikati ya mteremko.

Usimpandishe mtu kwenye uma, wala kwenye paleti iliyo juu ya uma, hata kwa kubadilisha taa moja. Na hakuna mtu anayepita chini ya uma ulioinuliwa, uwe na mzigo au mtupu.

Ukisimama: uma mpaka chini, breki ya mkono, gia huru, ufunguo mfukoni. Hata kama unakwenda kuuliza neno moja.

Hatua ya 6: Lori linalopakiwa

Dereva wa lori ameanza safari ya Kasumbalesa kichwani mwake tangu asubuhi. Akidhani kazi imekwisha, ataondoka na klaki ikiwa nusu ndani ya trela. Kabari mbili chini ya magurudumu ya lori, na ufunguo wake ukae kwa kapita hadi paleti ya mwisho. Chungulia sakafu ya trela kabla ya kuingia. Mbao zilizooza hazijui kwamba unapita na tani tano. Dereva na tandiboi wangoje mahali palipowekwa, si kati ya paleti wakihesabu mifuko.

Hatua ya 7: Ikianza kupinduka

Mwili utakuambia ruka. Usiruke. Klaki ikilala ubavu, paa la chuma linaangukia hasa pale mtu anaporukia, na ndilo linalowaua wengi. Baki kwenye kiti na mkanda umefungwa, shika usukani kwa nguvu, kanyaga miguu sakafuni, inamisha mwili upande ulio kinyume na inakoangukia. Lifanyieni mazoezi mashine ikiwa imezimwa, mara kumi, hadi mwili ukubali. Siku yenyewe haitakuwa na muda wa kufikiri.

Hatua ya 8: Mtu ameumia

Wa kwanza kufika asimkimbilie mgonjwa kabla ya mashine. Zima injini, vuta breki ya mkono, weka kabari. Watu wawili wazuie mashine nyingine zisiingie. Halafu ndipo umwendee.

Akiwa amebanwa, dereva asirudi nyuma kwa hofu. Gurudumu likipita mara ya pili linamaliza lililobaki, na ndivyo kosa hili hutokea kila mara, kwa nia njema. Inueni kilichombana kwenda juu moja kwa moja, kwa jeki na magogo ya kushikilia chini, huku mtu mmoja tu akitoa amri. Msimvute kwa mikono.

Damu ikitoka kwa nguvu, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na mikono miwili bila kuchungulia kila mara. Ikiwa ni mkono au mguu na haikomi, funga kwa utepe mpana wa kubana damu sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, si juu ya kiungo, kaza hadi damu ikome, andika saa uliyofunga kwenye paji lake la uso au kwenye karatasi, na usiulegeze njiani. Kipande kilichokatika kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Kisiguse barafu chenyewe.

Sasa sikia hili, maana limechukua watu ambao hawakustahili kufa. Mtu aliyebanwa tumbo au kifua kati ya klaki na ukuta anaweza kusimama, akajipangusa, akasema "niko sawa, niacheni". Damu inaweza kuwa inamwagika ndani. Akiwa na jasho baridi, midomo imepauka, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, anaona kiu, ni hatari. Usimpe maji wala chakula, mlaze, mfunike apate joto, mpeleke hospitali hata akikataa. Pale nyumbani kwenye bukari (ugali) ya jioni ndipo wengine wameangukia.

Kama aligongwa mgongo au shingo, asikalishwe kwenye kiti cha teksi. Mlango uliong'olewa au ubao mpana unatosha kuwa machela. Watu wanne wamgeuze kama gogo, kichwa na mwili pamoja. Usisubiri ajali itokee ndipo ujue gari gani litamchukua. Bandika ukutani leo: gari la nani, dereva nani wa mchana na wa usiku, hospitali gani, namba gani ya simu. Saa za jioni barabara zetu zimejaa, kwa hiyo dereva ajue njia mbili.

Hatua ya 9: Makaratasi, siku ile ile

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza haki yao, kwa kukosa karatasi tu.

Kabla depo halijafagiwa, piga picha: mashine ilipo, alama za tairi, taa, mlango, viatu vya mgonjwa. Andika majina na simu za walioona. Chukua nakala ya ukurasa wa daftari la asubuhi. Kurasa za siku ya ajali zina tabia ya kupotea.

Mwajiri ana wajibu wa kuitangaza ajali kwa Inspeksheni ya Kazi na kwa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ile ambayo wazee bado wanaiita INSS. Usiishie kuambiwa "tumetangaza". Omba nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mwajiri ndiye anayelipa mchango wa tawi la hatari za kazi, asilimia 1.5 ya mshahara, na haukatwi kwa mfanyakazi. Matibabu nayo, kwa Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002, ni jukumu la mwajiri. Ajali ya njiani kati ya nyumbani na kazini nayo huhesabiwa ajali ya kazi.

Kwa daktari, dai cheti kinachoitwa "certificat médical initial" (cheti cha kwanza cha daktari), na kiandike kila jeraha, hata dogo. Kidole kilichosahaulika leo hakitakubaliwa mwakani. Mwisho wa matibabu kuna cheti kingine, cha kupona au cha "consolidation". Neno hili la pili lisikupite: maana yake hali imetulia lakini ulemavu umebaki, na kiwango cha ulemavu huo ndicho kitakachoamua malipo. Karatasi zote hizi ni za Kifaransa. Usitie sahihi usichokielewa; mpelekee mjumbe wa sendika, au mtoto wa jirani anayesoma chuo, akufafanulie neno kwa neno.

Na vibarua? Wataambiwa "wewe si mtu wetu". Si kweli. Kanuni ya Kazi, kifungu cha 40, inasema aliyeajiriwa kwa siku akishatimiza siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, mkataba wake ni wa muda usio na kikomo. Hata kabla ya siku hizo 22, aliyeumia akifanya kazi ya mwajiri ameumia kazini. Basi kila kibarua aandike siku zake mwenyewe, tarehe na jina la kapita, kwenye daftari dogo au kwenye simu.

Hatua ya 10: Uchunguzi na kurudi

Sheria inataka kiwanda kiwe na kamati ya usalama na usafi wa mahali pa kazi. Ikutane ndani ya siku chache, palepale ajali ilipotokea, klakisti akiwepo. Msianze na "nani". Anzeni na mguu wa aliyeumia na mrudi nyuma: ulikuwa hapo kwa nini, nani alimtuma, kwa nini saa ile, kwa nini njia ile, kwa nini taa haikuwaka. Endeleeni kuuliza hadi mfike kwenye kitu ambacho fedha au amri inaweza kukibadilisha. Andikeni nani atafanya nini na lini, na kila Jumatatu mkisome. Halafu rudieni chaki.

Aliyeumia asirudishwe kazini kwa simu ya kapita. Daktari aandike anachoweza na asichoweza: kusimama saa ngapi, kubeba kilo ngapi. Klakisti naye msimrudishe kwenye usukani kesho yake. Wengi hawalali kwa wiki nyingi na hawamwambii mtu.

Yule kijana alirudi baada ya miezi mitano, akichechemea, vidole viwili vimekwenda. Tulimpa kazi ya kaunta ya kutoa viatu na fulana. Mlango mpya wa watu ulikuwa umeshafunguliwa kwenye ukuta wa mashariki, mita 12 kutoka ule wa zamani, na asubuhi yake ya kwanza aliingilia huo.